Laptop isiyo na tundu la CD ni nyumba ya kupanga

Kikao cha kamati ya harusi ndicho kilichonichokoza. Tulipofika kwenye kipengele cha picha na video, kijana mmoja wa upande wa bwana harusi, mtaalamu wa kompyuta kwa maelezo yake mwenyewe, alinyoosha mkono. "Wazee wangu, shikamooni. Napendekeza tufute hizi DVD kwenye mkataba. CD zilishakufa. Nani siku hizi ana laptop yenye sehemu ya CD? Mpiga video atutumie linki, kila mtu aangalie kwenye simu yake." Kamati ikaitikia kwa vichwa. Mweka hazina, ambaye hufurahia chochote kinachofutwa, akafuta. Niliomba kuchangia nikaambiwa muda umekwenda na suala la rangi za vitambaa bado halijaisha. Sawa. Huku gazetini hakuna mwenyekiti.

Kauli ile si ya kijana yule peke yake, na ndiyo maana inaniudhi. Utaisikia kwa wauza laptop wa Kariakoo, utaisikia kwa jamaa wa TEHAMA ofisini, utaisikia kwa mhadhiri ambaye kabati lake limejaa CD asizoweza tena kuzifungua. Hakuna anayeitetea kwa sababu hakuna anayeihoji. CD imepitwa na wakati, laptop ya kisasa haihitaji tundu lake, mazungumzo yamekwisha.

Mimi nasema ni uongo, na una watu wanaokula kupitia huo.

Tuanze na aliyeamua. Si wewe, si mimi. Januari 2008, jijini San Francisco, Steve Jobs alichomoa MacBook Air kutoka ndani ya bahasha ya kaki mbele ya umati, na umati ukapiga makofi. Laptop ile haikuwa na tundu la CD. Aliyelitaka aliuziwa la pembeni kwa dola 99. Aliyeona dola 99 ni nyingi aliwekewa programu ya kuazima tundu la kompyuta nyingine iliyo karibu. Yaani umelipa dola 1,799, halafu unapiga hodi kwa jirani ukaombe kusoma CD yako! Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini wahenga hawakualikwa San Francisco. Kilichofuata tunakijua: mtengenezaji mmoja baada ya mwingine akaiga, na leo ukiingia dukani ukauliza laptop mpya yenye DVD, muuzaji anakutazama kana kwamba umeulizia mafuta ya taa.

Ukiwauliza sababu, jibu wanalolipenda ni uzito. Eti tundu la CD linaongeza uzito na unene. Poleni sana kwa mabega! Vijana wanaosema hivyo hubeba begi lenye chaja mbili, power bank, spika, chupa ya maji ya lita nzima na viatu vya mazoezi, halafu kinachowavunja mgongo ni kifaa chenye unene wa milimita 9.5. Na hata hilo la uzito halina ukweli. Panasonic ya Japani ilikuwa ikitengeneza laptop za Let's note, mfululizo wa W, zenye mlango wa DVD pale pale unapolaza kiganja, na uzito wake haukufika kilo 1.3. MacBook Air ya 2008, iliyonyimwa tundu ili iwe nyepesi, ilikuwa na kilo 1.36. Yenye tundu nyepesi, isiyo na tundu nzito. Ningependa mtaalamu wetu wa kamati anieleze hilo, ila najua ataniletea linki.

Hayo ya uzito ni ya kupitisha muda. Jambo lenyewe ni umiliki. CD uliyoinunua ni mali yako. Ukiiazimisha, ukiiuza, ukimwachia mwanao, huna wa kumwomba ruhusa. Haikuulizi nywila, haikuulizi barua pepe, haikuulizi kama kadi yako ya benki bado ina salio. Lakini kitu kinachokaa mtandaoni umepangishwa tu, na mpangaji hana kauli siku mwenye nyumba anapobadilisha kufuli.

Anayedhani natisha watu akumbuke Julai 2009. Amazon iliingia kwenye vifaa vya Kindle vya wateja wake na kufuta vitabu vya George Orwell ambavyo watu walikwishavilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Kimoja ni 1984. Kingine ni Animal Farm, ambacho sisi tunakijua kama Shamba la Wanyama tangu Fortunatus Kawegere alipokitafsiri miaka ya sitini. Pesa zilirudishwa, radhi ikaombwa, lakini kila mtu alishaona funguo ziko kwa nani. Nakala yangu ya Shamba la Wanyama imetafunwa na mende kwenye pembe, jalada limebanduka, na ipo. Hakuna kampuni ya Seattle itakayokuja Temeke usiku kuichukua.

Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali, na vitabu vilivyokuwa vimenunuliwa humo vikaacha kufunguka. Pesa zikarudishwa tena, kana kwamba mtu alinunua kitabu ili siku moja arudishiwe hela. Desemba 2023 Sony iliwatangazia waliokuwa wamenunua vipindi vya Discovery kwenye PlayStation kwamba vitaondolewa kwenye maktaba zao; kelele zilipozidi ndipo ikarudi nyuma. Jimbo la California likaona bora litunge sheria, iliyoanza kutumika 2025, ya kuwataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waseme bayana kwamba mteja anapewa leseni tu. Hao ni Wamarekani, wenye mawakili wa kumwaga. Wewe wa Mbagala ukifutiwa filamu yako utamshitaki nani, na nauli ya kwenda California utachangiwa na kamati gani?

Sasa ongeza matatizo yetu ya nyumbani. Jumapili ya Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia vibaya. Uganda ilizimiwa intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Wakongo walizimiwa kuanzia Desemba 31, 2018 kwa karibu wiki tatu. Na Oktoba 29, 2025 sisi wenyewe tulikaa tukitazama simu zilizogeuka tochi. Katika siku zote hizo, aliyekuwa na DVD na laptop yenye tundu aliangalia harusi ya dada yake kama kawaida. Aliyekuwa na linki aliangalia kile kiduara kinachozunguka.

Hata intaneti ikiwepo, nani analipia? DVD moja ya kawaida inabeba GB 4.7. Pakua harusi hiyo kwa bando, kisha shangazi naye apakue, kisha ndugu wa Sumbawanga nao wapakue, kila mmoja kwa pesa yake, tena kwa bando ambalo muda wake unaisha hata kama hujalimaliza. Wizi huo wa bando kuisha nitauandikia siku yake. Hapa nataka tu mweka hazina ajue kwamba hakuokoa kitu. Amehamisha gharama kutoka kwenye bajeti ya kamati na kuiweka kwenye mifuko ya wageni waliokwishachanga.

Kuna jambo zito kuliko harusi. Shemeji yangu alipigwa CT scan katika hospitali moja, akapewa bahasha yenye ripoti na CD, akaambiwa ampelekee bingwa. Bingwa, daktari mzuri na mwenye heshima zake, alitoa laptop yake nyembamba ya rangi ya fedha, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akitafuta tundu ambalo kiwanda hakikuliweka. Wakatumwa watu kuzunguka jengo. Kompyuta yenye tundu ilipatikana kwa mhasibu, ile ya mezani iliyojaa vumbi ambayo kila mwaka hutishiwa kutupwa. Hivyo picha za ubongo wa shemeji yangu zilisomewa kwenye ofisi ya malipo, bingwa akiwa amesimama, huku watu nje ya dirisha wakigonga wapewe risiti. Msiniambie picha hizo zingetumwa WhatsApp. WhatsApp inaminya picha, na daktari anahitaji kuona kila kipande kama mashine ilivyokichukua. Tena ni siri ya mgonjwa. CD mkononi mwa mgonjwa haina namna ya kupotelea kwenye grupu la ukoo.

Hapo ndipo wanapochomoa silaha yao ya mwisho: flashi. Flashi! Ipeleke flashi yako kwenye stationery yoyote iliyo karibu na chuo, chapisha kurasa mbili, irudishe nyumbani, kisha uje unisimulie folda zako zote zilivyogeuka njia za mkato. DVD iliyochomwa na kufungwa haiandikiki tena. Kirusi kitaizunguka na kuondoka. Na mwenye flashi huifuta mwenyewe, siku anayotaka nafasi ya kuweka msimu mpya wa tamthilia ya Kikorea. Sijawahi kusikia mtu amefuta DVD ya harusi yake ili apate nafasi.

"Basi nunua DVD ya pembeni," wanasema. Sawa, nimenunua. Waya wake una kichwa kipana, laptop ina matundu membamba. Nunua adapta. Adapta ina tundu moja, na hilo nalihitaji kwa kipanya. Nunua adapta kubwa zaidi. Mwisho wa safari laptop yangu nyepesi imezungukwa na nyaya mezani hadi chai haina pa kukaa. Na wanaoniambia haya ndio hao hao waliolalamikia uzito.

Na watengenezaji hawakuishia kwenye CD. Betri tuliyokuwa tunachomoa kwa vidole wameifungia ndani. RAM wameigandisha kwenye ubao, ukitaka kuongeza unaambiwa ununue laptop nyingine. Tundu la waya wa mtandao limetoweka. Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la spika za masikioni kwenye iPhone 7, na bosi wao wa masoko akapanda jukwaani akaita kitendo hicho ujasiri. Mwaka 2020 wakaondoa chaja kwenye boksi, wakasema wanatunza mazingira. Bei hawakuiondoa. Kila kinachoondolewa kinarudi dukani kikiwa na bei yake, na sisi tunaitwa washamba tukiuliza. Linganisha na ThinkPad T420 ya mwaka 2011, ambayo bado imo mitaani kwetu ikiwa mtumba. DVD yake unaichomoa kwa mkono, unapachika diski ya pili mahali pake, siku ukiitaka DVD unairudisha. Mhandisi aliyebuni kitu kile alimheshimu mwenye mashine.

Na tuulizane kuhusu yaliyomo ndani ya makabati yetu. Kizazi kizima cha filamu za Bongo, pamoja na za Kanumba, kilitoka kwa VCD na DVD. Filamu za nje zilizoingizwa maelezo ya Kiswahili na Lufufu tulizikodi kwa diski. Mwaka 2013 TRA ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Serikali haibandiki stempu kwenye kitu kisicho na thamani. Kwaya za makanisa, qaswida, taarabu, hotuba za mazishi ya wazee wetu, yote yamechomwa kwenye diski zile. Mengi hayako YouTube wala popote. Kusema laptop haihitaji tundu la CD ni kusema hayo yote hayahitaji kusomwa. Kwaya iliyokuwa ikiuza CD mlangoni mwa kanisa na kuondoka na fedha taslimu leo inaambiwa ifurahie idadi ya waliotazama. Waimbaji wanakula idadi?

Nataka vitu viwili. Kwanza, watengenezaji wanaotupangia rangi tano za jalada watupangie na tundu. Sony ilipotoa PlayStation 5 mwaka 2020 iliuza aina mbili, yenye sehemu ya diski na isiyo nayo, kila mtu akachagua kwa pesa yake. Watoto wa michezo wanapewa uchaguzi, daktari wa ubongo ananyimwa. Pili, wizara, hospitali na vyuo vinavyonunua laptop kwa mamia viandike kwenye zabuni, kwa herufi kubwa, kwamba tundu la DVD liwemo. Kiwanda kinachotaka hela ya serikali hakina itikadi.

Nawe unayenunua moja kwa akiba yako, usibishane na muuzaji anayekuambia CD zimekufa. Rudisha pochi mfukoni na uanze kuelekea mlangoni. Utashangaa zitakavyofufuka.