Jembe la mkimbizi lifuliwe Kasongo

Historia ya mashamba ya zamani ya Kasongo husimuliwa kwa majina ya wakubwa: Tippu Tip na mwanawe Sefu. Mpunga, mahindi na miwa iliyouzunguka mji, hadi askari wa Dhanis walipouteka Aprili 1893, huhesabiwa kuwa kazi yao. Lakini wakubwa hao hawakulima. Waliolima ni watumwa, na shamba bila mfua chuma ni pori tu. Jembe linatoka motoni.

Chuma kilikuwa na sura mbili: kilifungua ardhi, kikafunga watu kwa minyororo. Wabelgiji nao walipolazimisha kilimo cha pamba kuanzia 1917, mwananchi wa Maniema alishika jembe tena, faida ikaenda kwingine. Basi swali ni lilelile hata leo: jembe linamfaidisha nani?

Familia zilizokimbia vita Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare ziliondoka mikono mitupu. Mashirika ya kiutu yanapowagawia majembe, mara nyingi ni ya kiwandani, yamesafirishwa mbali kwa barabara zinazojulikana. Mvua za Septemba hazingoji lori. Jembe likifika Desemba, litapanda nini?

Wakati huo huo mfua chuma wa hapa anakaa na mvukuto wake akingoja mteja. Anajua kugeuza resori ya gari bovu kuwa jembe, panga au shoka. Hata jembe la kiwandani likivunjika, kwake ndiko linakopelekwa.

Watasema fundi mmoja hawezi kutoa majembe elfu moja kwa juma. Ni kweli. Ndiyo sababu komandi itolewe Mei, igawiwe kwa mafundi wengi. Watasema ubora haulingani. Basi wayajaribu shambani kabla ya kulipa, na yaliyo mabaya wayakatae. Na fundi aliyekimbia akaacha vyombo vyake apewe nyundo na makaa, asihesabiwe kuwa mdomo wa kulishwa tu.

Pesa ya jembe lililofuliwa Kasongo italipa makaa, chakula na karo ya mtoto papa hapa. Viongozi wa Kasongo na Kabambare, pamoja na kamati za wakimbizi, wasipige makofi siku ya ugawaji kabla ya kuuliza: limefuliwa wapi, limelipwa kwa nani, limefika lini?