Tairi Jipya Huoshwa kwa Sabuni



Msomaji mwenzetu wa Ngombezi, kule Korogwe, ametuletea swali ambalo hatukulitazamia katika ukurasa huu. Baba watoto amenunua matairi manne mapya ya pikapu yao. Yamefika na utando wa bluu ubavuni, michirizi ya rangi, lebo zenye gundi na weusi unaochafua mikono na nguo za watoto. Fundi amewashauri wayapanguse kwa petroli, kisha wayapake dizeli ili yang'ae. Petroli yenyewe imekwisha kununuliwa. Iko ndani ya chupa ya soda, nyuma ya mlango wa jikoni. Mama huyu anauliza kama ni sawa, au anaogopa bure.

Haogopi bure. Maji na sabuni vyatosha kwa kazi hiyo, na chupa ile iondoke jikoni leo hii, kabla hata ya kumaliza kusoma ukurasa huu.

Huenda baadhi yetu watasema mambo ya matairi ni ya wanaume. Lakini tujiulize: Jumamosi jioni, gari linapoandaliwa kwa ajili ya safari ya kanisani kesho yake, ni nani anayeshika ndoo na kitambaa? Katika nyumba nyingi ni mama na watoto. Na nyumba isiyo na gari siku hizi mara nyingi ina pikipiki, nayo hubadilishwa matairi kila baada ya muda.

Tuanze na uchafu wenyewe. Tairi hupikwa. Mpira huwekwa ndani ya kalibu ya chuma, ukakandamizwa na kupashwa joto la nyuzi zaidi ya 150 za Sentigredi mpaka uive na kushika umbo. Kama sisi tunavyopaka mafuta bati la keki ili keki isigande, ndivyo kiwandani wanavyopaka dawa ya utelezi ili tairi litoke katika kalibu bila kuchanika. Sehemu ya utelezi huo hubaki juu ya tairi. Vile vinywele vya mpira vinavyojitokeza kila mahali ni mpira uliopenya katika vitundu vya kutolea hewa. Havina ubaya wowote. Watoto hupenda kuvinyofoa, na wavinyofoe tu, mradi wasivitie mdomoni.

Utando wa bluu, au wa kijani, umepakwa makusudi juu ya herufi nyeupe za ubavuni ili zisichafuliwe na matairi meusi yanayorundikwa pamoja ghalani na melini. Wazee wetu walizoea matairi ya General Tyre ya Arusha, lakini kiwanda kile kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na matairi mengi tunayonunua sasa yamevuka bahari. Basi utando huo hutengenezwa kwa namna ya kutoka kwa maji. Kitone cha njano kwa kawaida huonyesha upande mwepesi wa tairi, na fundi hukielekeza kwenye vali. Kiacheni mpaka tairi limefungwa kwenye ringi.

Iko pia rangi ya kahawia inayojitokeza ubavuni, hata baada ya kuosha. Wengi huidhani uchafu sugu na kuisugua kwa hasira. Hiyo ni dawa iliyochanganywa ndani ya mpira ili usipasuke kwa jua na hewa. Hutoka ndani polepole pamoja na nta, ikafika juu, ikageuka kahawia. Tairi lenye rangi hiyo linajilinda. Lioshwe kwa sabuni kama kawaida, na ikirudi baada ya wiki chache, irudi.

Sasa tuone kwa nini petroli haifai. Mpira hunywa mafuta kama kitumbua kisichoiva vizuri. Chukueni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mkiloweke katika petroli, nacho kitavimba na kulegea. Tairi zima halitavimba kwa kupanguswa mara moja, lakini ile nta na ile dawa tuliyoitaja huondolewa juu, na mkiendelea hivyo kila wiki ubavu hukauka na kuanza nyufa ndogo ndogo. Dizeli, mafuta ya taa na oili chafu ni ndugu wa petroli, na zina ubaya mwingine: hazikauki upesi. Gari likiondoka, mafuta husambaa kutoka ubavuni hadi sehemu inayokanyaga barabara, au hurukia breki. Kwa pikipiki hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kwenye kona pikipiki hulala na kukanyaga kwa ukingo wa tairi, palepale palipopakwa mafuta ili pang'ae. Nyuma yake huenda ameketi mama na mtoto mgongoni.

Lakini hayo ya mpira tungeweza kuyavumilia. Tairi hununuliwa jingine. Linalotufanya tuandike kwa ukali ni ile chupa.

Mtoto wa miaka miwili hasomi. Anaijua chupa ya soda kwa umbo lake, na anajua kilichomo ni kitamu. Akiona chupa ya soda nyuma ya mlango, mchana wa joto la Korogwe, atakunywa. Petroli na mafuta ya taa ni mepesi mno, na hatari yake kubwa haiko tumboni bali mapafuni. Mtoto akipaliwa au akitapika, tone dogo huingia katika njia ya hewa, na mapafu huvimba. Kwa hiyo, ikitokea, msimtapishe. Msimtie kidole kooni, msimpe maji ya chumvi, wala maziwa, hata bibi akisisitiza kwamba ndivyo walivyofanya zamani. Maziwa yanaweza kumfanya atapike. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa sabuni na maji, mkimbizeni hospitali, na mwende na chupa yenyewe ili mganga ajue alichokunywa. Kwa wenzetu wa Ngombezi, Hospitali ya Magunga iko mjini Korogwe. Mwende hata kama mtoto anacheza na kucheka. Kikohozi na kupumua kwa shida vyaweza kuanza baada ya saa kadhaa, pengine usiku wakati usafiri ni wa taabu.

Halafu kuna moto. Mvuke wa petroli hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini sakafuni kama maji yaliyomwagika. Mama anapangusa tairi uani, jiko la mkaa liko hatua chache kutoka kwake, na hajui kwamba mvuke umekwisha kulifikia. Kitambaa kilicholowa petroli na kuanikwa karibu na jiko ni hivyo hivyo. Hatujasahau Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakaenda kuchota. Moto ule uliua watu zaidi ya 100. Mafuta yaliyo nyumbani ni kidogo, lakini tabia yake ni ileile.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna agizo ambalo mara chache tunalisikia likihubiriwa. Mtu akijenga nyumba mpya, ajenge na kizuizi kuzunguka dari, ili asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba zetu za bati hazina dari ya kutembelewa. Sisi tunalisoma agizo hilo kuwa linahusu kila kitu ndani ya ua wetu ambacho mtu anaweza kudhurika nacho, na mwenye nyumba alikijua.

Namna ya kuosha ni rahisi. Chagueni asubuhi au jioni, tairi likiwa limepoa na liko kivulini, kwa sababu juani sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa na kuacha madoa. Kama matairi hayajafungwa bado, ni bora zaidi. Yalazeni chini muoshe pande zote. Yakiwa yamefungwa, gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu, na ufunguo awe nao mtu mzima. Gari lililoinuliwa kwa jeki mtoto asilikaribie kabisa.

Lowesheni kwanza utando wa bluu kwa maji ya uvuguvugu, muuache dakika chache ulainike. Kisha chukueni maji ya sabuni, iwe ya unga au ya mche iliyokunwa, na brashi laini ya kufulia au dodoki, msugue kwa kuzunguka. Bluu itatoka na povu. Msiiache ikapigwa na jua siku nyingi, maana hukauka na kushika. Waya wa kusugulia sufuria utakwangua herufi nyeupe, na dawa ya kufulia nguo nyeupe haina kazi hapa. Tunajua Ngombezi katani haikosekani, na kwa masufuria hatujaona kinachoishinda, lakini katani kavu ni kali kwa herufi hizo. Lebo ibanduliwe kwa mkono. Gundi iliyobaki ilowekwe kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni, kisha ifikichwe kwa kidole gumba. Gundi iliyo kwenye sehemu inayokanyaga barabara iacheni, barabara yenyewe itaimaliza. Suuzeni vizuri, pangusa kwa kitambaa, basi. Ndoo mbili zatosha matairi manne. Vitambaa hivyo visitumike tena kwenye bodi ya gari, kwa kuwa vimebeba mchanga wa kukwaruza rangi.

Msiyapeleke magari kuoshewa mtoni. Chini ya pale mnapoosha kuna mama mwingine anayechota maji ya kupikia. Zaidi ya sabuni na mafuta, mwaka 2020 watafiti wa Marekani walieleza kwamba ile dawa ya mpira tuliyoitaja, ikishageuka kwa hewa, iliua samaki wa aina ya samoni katika vijito vya kwao. Maji machafu yamwagwe mbali na kisima na mbali na bustani ya mchicha.

Mkiwa mmeinama hapo, someni ubavu wa tairi. Tafuteni neno DOT na tarakimu nne za mwisho mwishoni mwa mstari wake. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 1523 maana yake wiki ya 15 ya mwaka 2023. Mara nyingine tarakimu hizo huwa upande wa ndani, itabidi mwiname zaidi. Tairi lililouzwa kuwa jipya lakini tarakimu zake zasema ni la miaka mingi iliyopita, au lililotoa rangi nyeusi nzito kwenye maji na kufichua nyufa chini yake, lirudishwe dukani risiti ingali mkononi. Wako wauzaji wanaopaka matairi ya mtumba rangi nyeusi, na sabuni ya mche huwaumbua. Kwa wanaopita katika barabara za mashamba ya mkonge, kagueni ubavu kila mnapoosha: mkato wa jiwe, mchubuko, au uvimbe kama jipu. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halifai kwenda nalo hata Segera.

Yabaki ya kuzungumza na baba watoto. Atasema kila kibanda cha kuosha magari hupaka dizeli na magari yanatembea. Hatushauri kubishana naye mbele ya fundi wala mbele ya watoto. Mngojeni amalize chakula, mwambieni kwa upole, "Baba, tairi tumeliosha, nenda ukalitazame." Mwanaume akiona herufi zake nyeupe zimetakata kwa sabuni ya shilingi chache, na petroli ya bure imerudi katika tangi la gari, mara nyingi hana la kusema. Petroli hiyo airudishe yeye mwenyewe, nje, mbali na moto na sigara. Chupa isisafishwe kwa matumizi mengine. Itobolewe na itupwe. Ikiwa kuna ulazima wa kuweka mafuta nyumbani, yawe katika dumu lake lenye mfuniko imara na alama, ndani ya stoo yenye kufuli, siyo jikoni wala chini ya kitanda.

Mwambieni pia aendeshe taratibu kwa kilometa mia chache za mwanzo, hasa mvua za Usambara zikianza. Ule utelezi wa kalibu bado uko kwenye uso wa tairi unaokanyaga lami, na hauondoki kwa kusuguliwa bali kwa mwendo. Mwenye pikipiki asilale kwenye kona kwa siku hizo, na asipakie mama mwenye mtoto mchanga mpaka matairi yamechakaa kidogo yakapoteza mng'ao wa kiwandani. Na tairi la akiba, lile linalosahaulika chini ya gari mwaka mzima, nalo lioshwe siku hiyohiyo.