Muji unakuja kwetu: tuseme ndiyo ao hapana?



Mwezi huu tuzungumuze neno moja linalosumbua jamaa nyingi zinazokaa pembeni ya miji yetu. Unazijua fasi hizo. Ulijenga pale sababu bei ya lupango katikati ya muji ilikushinda. Wakati ule kulikuwa miti, vichuguu na njia ya kinga. Leo kuna maduka, wauzishaji wa makala, mapikipiki usiku na muchana, na nguzo za umeme zinaishia mita mia tatu mbele ya mulango wako, kama vile zilichoka njiani. Kwa karatasi ungali mutu wa kijiji, chini ya shefu wa kimila, mu teritware. Kwa maisha, uko mutu wa muji. Halafu siku moja wanaita mukutano chini ya mwembe: "Muji unataka kutukamata. Munasema nini?"

Nilikuwa mu mukutano wa namna hiyo, mu kartie moja ya njia ya Kipushi, inje kidogo ya Lubumbashi. Vijana walipiga makofi. Wazee walinyamaza. Mama mumoja aliinuka, akauliza: "Na lupango yangu, itakuwa ya nani?" Watu walicheka. Miye sikucheka. Ku mukutano ule wote, ulizo la maana lilikuwa lile.

Lakini tuanze na mayi, sababu kila mutu anaanza na mayi. Wengi wanafikiri kwamba mupaka wa muji ukipita nyuma ya nyumba yao, kesho yake REGIDESO itafika na robine. Tuangalie Lubumbashi yenyewe. Muji ule uko na komini saba: Lubumbashi, Kenya, Katuba, Kampemba, Kamalondo, Ruashi na Annexe. Ile ya saba, jina lake linasema yenyewe: ni fasi iliyobandikwa ku muji. Inazunguka zingine kama mukaba, na kwa upana inapita zile sita zikiwa pamoja. Watu wa Kasapa, wa Kisanga, wa Kasungami, wako watu wa muji tangu zamani. Wanalipa takisi ku muji. Sasa tembea mu Annexe saa kumi na mbili ya asubuhi: utapita watoto na bidon za manjano wakielekea ku kisima cha jirani. Mupaka haubebi mayi. Mayi yanabebwa na bomba, na pompi, na feza za kuvilipa, na vitu hivyo vinakuja ao vinakataa kuja bila kuuliza kama fasi yako inaitwa kijiji ao kartie.

Wale waliokomalia mu kampi wanajua neno hili kunipita. Tangu Union Minière, na kisha Gécamines, kampi ilikuwa na mayi, umeme, hospitali, masomo na posho, bila kuomba muji kitu. Kompanyi ndiyo ilikuwa muji. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilitosha tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka; mu 1994 haikufika 50,000. Mu 2003 na 2004, watumishi zaidi ya 10,000 walitoka ku kazi, kwa mupango uliolipwa na Benki ya Dunia. Nyumba zilibakia zimesimama. Yule aliyekuwa anakuja kutengeneza bomba hakukuja tena. Watu wa kampi walianza kuulizana: sasa tulilie nani? Ngambo ya mupaka, mu Zambia, mambo yalikuwa vilevile mwishoni mwa miaka ya 1990: nyumba za mugodi ziliuzishwa kwa watumishi, na barabara na takataka vikaanguka juu ya baraza za muji ambazo hazikuwa na feza.

Basi, kama si mayi, ni nini inabadilika siku muji unakukamata? Inabadilika mukono. Mukono unaotia sinyatire juu ya udongo wako, na mukono unaopokea feza za madini. Hapo ndipo ninaomba usome polepole.

Udongo kwanza. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni wa Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia. Karatasi ambayo sheria ile iliweka kuwa ushuhuda wa haki hiyo ni moja, sertifika inayotoka kwa konservateri wa udongo. Karatasi ya shefu inaonyesha kwamba ulimulipa shefu. Mu kijiji ina nguvu, sababu shefu anakujua, jirani anakujua, wazee waliona siku ile munapima kwa hatua za miguu. Sheria hiyohiyo iligawa udongo mara mbili: wa muji, yaani ule ulio ndani ya mipaka ya fasi iliyotangazwa kuwa muji, na wa kijiji, yaani mwingine wote. Kwa ule wa kijiji, iliomba uchunguzi: mbele ya kumupa mutu sehemu, lazima waende pale, wapime, waulize nani anakaa, nani analima, na waandike maneno ya watu wa pale. Siku udongo wako unaitwa wa muji, ule uzio unaondoka. Mutu anaweza kukaa ku biro, kufungua karte, na kuona fasi nyeupe pale wewe ulipanda maembe.

Miye mwenyewe nilipita mu njia hiyo. Nilinunua lupango kwa shefu, nikapewa karatasi yenye kachete, nikaiweka mu sanduku pamoja na karatasi za ubatizo za watoto. Nililala usingizi mutamu miaka sita. Mwaka wa saba alikuja bwana mumoja mwenyi kaunda suti na sertifika mukononi, jina lake, namba, vipimo, yote sawasawa. Biro fulani ilikuwa imemupa nusu ya kiwanja changu, pamoja na jiko la bibi yangu. Nilikwenda, nikarudia, nikalipa mutu wa kunisaidia, nikalipa mwingine. Sheria inasema sertifika ikipita miaka miwili, ni vigumu sana kuivunja. Yake ilikuwa na miaka minne. Leo tunapikia upande mwingine.

Kwa hiyo mukisema ndiyo kwa muji mbele ya kushika karatasi zenu, munafungua mulango wakati nyumba ingali tupu. Na mashamba! Watu wanasahau mashamba. Nyumba angalau inaonekana. Shamba la mihindi, mu mwezi wa nane, linafanana na pori, na ndilo la kwanza kukatwa malupango. Mwenyi kuishi kwa lile shamba, mara nyingi ni mama wa nyumba.

Hapo nina neno kwa wababa. Andikisheni jina la bibi pia. Tangu sheria ya jamaa ilipogeuzwa mu 2016, mwanamuke mwenyi kuolewa haombi tena ruhusa ya bwana yake ili kutia sinyatire ku biro. Kazi iliyobaki ni yetu ya ku nyumba. Nimeona wajane wengi wakitoshwa inje na ndugu za marehemu, sababu karatasi ilikuwa na jina moja tu, na mwenyi jina alikuwa chini ya udongo.

Sasa feza za madini. Kompanyi inayochimba inalipa redevansi juu ya kile inachouzisha. Sheria ya madini, kama ilivyogeuzwa mu 2018, inagawa feza hizo hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa provensi, 15% kwa muji, komini, sekteri ao sheferi ambamo uchimbaji unafanyika, na 10% kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Angalia ile 15%. Inafuata mupaka. Ikiwa karyeri iko mu sekteri yenu na ninyi munahamia muji, karyeri ikibakia kule, munaacha sehemu yenu kule. Ikiwa mupaka unakamata na karyeri pia, muji unafurahi, lakini vijiji vinavyobaki nyuma, vyenye kula vumbi lilelile, vinapoteza yote. Kwa hiyo, mukiona wakubwa wawili wanagombania kijiji cha nyumba mia mbili, musifikiri wanawapenda sana. Angalieni kwanza kama hakuna kilima cha madini pembeni. (Kama ile 15% inafika ku masomo na ku maternité, hiyo ni habari ya mwezi mwingine, na itahitaji kurasa nyingi.)

Ninyi vijana muliopiga makofi, ninawasikia: "Papa, unatuogopesha bure. Kijiji kitatupa nini?" Muko na haki kwa sehemu. Kuna kitu kimoja ambacho muji uko nacho. Tarehe 20 Desemba 2023, komini za miji mikuu ya provensi zilichagua washauri wa komini, mara ya kwanza tangu katiba ya 2006. Sekteri na sheferi hazikuchagua washauri wao siku ile. Ni kitu kikubwa. Mu Élisabethville ya zamani, mu 1957, wababu wetu walipiga kura ya komini kwa mara ya kwanza, na wanaume peke yao; kisha tukangojea maisha ya mutu muzima. Mutu wa miaka 18 anayekaa mu komini anaweza kwenda kwa mushauri wake na kumuuliza: bomba liko wapi? Kule kijijini utamuuliza shefu, naye hakuwekwa na kura yako.

Lakini musidanganyike tena na hapo. Kartie yenyewe, mu sheria ya 2008, si mutu mbele ya sheria. Haina sanduku lake, haiwezi kushitaki, haiwezi kupokea redevansi. Ni komini inayofanya hayo. Shefu wa kartie hachaguliwi na ninyi. Kijiji chenu kikiingia, kinakuwa namba mu orodha ndefu, na yule muzee aliyekuwa anakata maneno ya mipaka na ya ndoa atabaki muzee wa kusalimiwa. Sasa munaelewa kwa nini wazee walinyamaza. Si woga wa maendeleo. Waliona kiti kinaondolewa, na hakuna aliyewaambia watakaa wapi.

Na nani anakata neno? Wengi ku mukutano walidhani ni wao, kwa kuinua mikono. Hapana. Sheria ya 2008 inasema, ili fasi ipewe cheo cha muji ao cha komini, inahitaji baraza la provensi kukubali, kisha dekre ya Waziri wa Kwanza. Na watu wasipungue 100,000 kwa muji, 20,000 kwa komini. Mikono yenu chini ya mwembe haikati neno. Lakini deputé wa provensi anaishi kwa kura zenu, na barua yenye majina mia tatu inasomwa. Muandike mbele ya dekre, si nyuma yake.

Ukiniuliza miye, ningesema tuingie. Watoto wetu wanasoma mu muji, wagonjwa wetu wanalala mu muji, tunauzisha mboga zetu mu muji. Kubakia inje ni kutumika kwa muji bila kuhesabiwa. Lakini ningeomba mambo matatu yaandikwe katika barua ile: kwamba malupango na mashamba yapimwe na yaandikwe kwa majina ya wanaokaa pale, mbele ya mupaka kuhama, kwamba tujue karyeri itabaki upande gani, na kwamba kodi ya nyumba isipande mwaka wa kwanza, sababu kodi hiyo inafuata cheo cha fasi, na mukipanda cheo, nayo inaweza kupanda, hata kama milingoti ya umeme ingali palepale.

Mukutano ule uliisha saa kumi na mbili bila jibu. Kesho yake asubuhi, yule mama wa ulizo alikuwa ku mulango wangu, na karatasi ya shefu imekunjwa mara nane ndani ya mufuko wa sukari. Tuliisoma pamoja. Ilikuwa na jina la bwana yake, aliyekufa mu 2011. Vipimo havikuwamo, wala majirani. Tulikwenda na kamba: mita 25 kwa 30, pamoja na miembe mitatu. Majirani wa pande tatu walitia sinyatire, wa upande wa nne anarudi kutoka Kasumbalesa siku ya posho. Kisha tutapanda taksi-basi twende ku biro ya kadastre, yeye, mutoto wake mukubwa na miye. Amesema atavaa kitenge kipya.