Kabla hamjapiga kura kuhusu msitu

Kwa wazee, akina mama na vijana wa kijiji chetu, Lushoto.

Huku Essex baridi imeshaanza kuuma na ikifika saa kumi na nusu jioni giza limeingia. Nimesoma kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mkutano mkuu wa kijiji utaujadili ule msitu wa juu ya chanzo cha maji, na kwamba rasimu ya sheria ndogo inataka asiingie mtu wala mbuzi. Mjumbe mmoja akaongeza kwamba hivyo ndivyo Wazungu walivyotunza misitu yao, na wengi mkamwekea dole gumba. Basi na mimi nipeni nafasi ya kusema, maana msitu mmoja wa Wazungu naujua kwa miguu yangu, na uliokolewa kwa njia iliyo kinyume kabisa na hiyo.

Unaitwa Epping. Unaanzia mashariki mwa London, kwenye nyumba na barabara, halafu unapanda kaskazini hadi ndani ya Essex, kama kilomita 19 kwa urefu, na eneo lake ni karibu hekta 2,400. Nikiwa na siku ya mapumziko kwenye kazi yangu ya kuhudumia wazee, napanda treni ya laini ya Central, ile inayopita chini ya katikati ya jiji, nashuka Loughton, nakata mitaa ya nyumba zenye bustani, kisha miti inaanza. Hakuna geti. Hakuna wa kukuuliza kibali wala wa kukukatia risiti. Maegesho ya magari mengine yanalipiwa, lakini mwenda kwa miguu hadaiwi kitu.

Mwezi huu wa Novemba majani yamegeuka rangi ya shaba na yamejaa chini hadi yanafunika buti. Tope lake si mchezo, nalo linateleza kama letu la masika. Mbwa ni wengi kuliko watoto. Na hawa Waingereza ambao kwenye treni hawakutazami usoni, wakiwa msituni wanakusalimia! Sijui nani aliwafundisha kwamba salamu ni ya kwenye miti tu. Watu weusi huwa tuko wachache, na mara mojamoja mtu huniangalia kama anayetaka kuuliza nimepotea njia. Namsalimia mimi kwanza. Pale High Beach, juu kilimani, kuna kibanda cha chai ambapo waendesha pikipiki hukusanyika, wanaume wazima wenye ndevu nyeupe na makoti ya ngozi, na chai yao wanaishika kwa mikono miwili kwa ajili ya baridi.

Uyoga umejaa tele mwezi huu, nanyi mnanijua kwa uyoga, lakini kuuchuma ni marufuku na mabango yanasema hivyo. Naupita huku nikiuangalia.

Niliyotaka mjue hasa ni miti yenyewe. Mingi ni ile iitwayo huku beech, yenye gome laini la kijivu, pamoja na mialoni na mingine yenye ukuni mgumu sana. Ukiitazama vizuri unaona umbo la ajabu: shina fupi nene, halafu kwenye kimo kinachopita kichwa cha mtu linagawanyika ghafla kuwa matawi makubwa mengi yanayoelekea juu, kama kiganja cha anayeomba dua. Miti mikongwe ya namna hiyo ni zaidi ya elfu hamsini. Haikuota hivyo yenyewe. Ilikatwa vichwa na panga na shoka za wanakijiji, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya kuni. Nanyi mnafanya vivyo hivyo na mgrevilea pembezoni mwa mashamba: unakata tawi, unaacha shina, baada ya miaka kadhaa unarudi. Walikata juu, kiasi cha futi sita kutoka ardhini, ili ng'ombe na paa wasiyafikie machipukizi. Mti ukitunzwa hivyo huishi muda mrefu kuliko ulioachwa, na ndiyo maana iko mingine iliyokwisha kupita karne kadhaa.

Watu wa Loughton walikuwa na haki hiyo ya kukata matawi kuanzia tarehe 11 Novemba hadi tarehe 23 Aprili, na desturi ilidai tawi la kwanza likatwe usiku wa manane, la sivyo haki ingepotea. Inasimuliwa kwamba kabaila mmoja aliwahi kuwaalika wakataji karamu ya usiku, akawanywesha ili saa iwapite wakiwa wamelewa. Sikuapii kwamba ni kweli, lakini hila ya namna hiyo hata kwetu inajulikana.

Zamani msitu ulikuwa chini ya sheria ya uwindaji ya wafalme. Paa walikuwa wa mfalme, ardhi ya makabaila, lakini kuni na malisho yalikuwa haki ya wanyonge, na kwa nchi nzima haki kama hizo ziliandikwa katika Hati ya Msitu ya mwaka 1217. Karne ya 19 London ikapanuka, bei ya ardhi ikapanda, na makabaila wakaona faida ya kuzungushia uzio na kuuza viwanja. Msitu jirani wa Hainault ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1851 na sehemu yake kubwa ikafyekwa. Zamu ya Epping ikafuata. Hapo Loughton, kabaila wa eneo ndiye aliyekuwa pia kasisi wa parokia, Bwana John Whitaker Maitland, na akazungushia uzio zaidi ya ekari 1,000. Hebu fikirini: Jumapili anawahubiria, Jumatatu anawafungia njia ya kuni.

Mzee mmoja mkata kuni, Thomas Willingale, akakataa. Aliendelea kukata kama alivyozoea. Mwaka 1866 watu wa familia yake walifungwa jela kwa kosa hilo. Akasaidiwa kufungua kesi na chama cha kutetea maeneo ya wazi kilichokuwa kimeanzishwa mwaka mmoja kabla, lakini alifariki mwaka 1870 kesi haijaisha, nayo ikafa pamoja naye.

Hapo ndipo ng'ombe walipoingia. Halmashauri ya Jiji la London ilikuwa imenunua shamba kandokando ya msitu kwa ajili ya makaburi, na shamba lile lilikuja na haki ya kulisha mifugo. Mwaka 1871 Jiji likawashitaki makabaila kama mwenye ng'ombe aliyezuiwa malisho. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kwa desturi, ng'ombe wa parokia yoyote huruhusiwa kuzurura msitu mzima, hivyo uzio popote pale ni dhuluma kwa kila mwenye haki ya malisho. Novemba 1874 jaji, Sir George Jessel, akakubali, nyua zote zile zikawa haramu. Mwaka 1878 ikatungwa sheria ya kuufanya msitu uwe wazi kwa watu wote, na Mei 1882 Malkia Victoria akaja High Beach kuuzindua. Picha za siku ile zinamwonyesha malkia, kana kwamba ndiye aliyeuokoa.

Mnaona kilichonikera katika ule ujumbe wa kwenye kundi. Kilichozuia msitu usiuzwe ni kwamba palikuwa na mtu mwenye shoka na mtu mwenye ng'ombe waliokuwa na haki inayoweza kuthibitishwa mahakamani. Pasingekuwa na haki hizo, pasingekuwa na mlalamikaji. Wakati huohuo, serikali zilizotutawala hazikutuletea somo hilo. Wajerumani walitunga sheria yao ya misitu mwaka 1904, Waingereza wakaja na yao mwaka 1921, na katika milima yetu ya Usambara mwenye shoka na mwenye ng'ombe wakahesabiwa kuwa ndio adui wa miti. Tuliosomea pale tunajua mazoea ya kubeba kuni huku masikio yakisikiliza nyuma.

Lakini Epping nayo isiwe malaika. Sheria ya mwaka 1878 iliwanyang'anya watu wa Loughton haki ileile ya kukata kuni, wakalipwa fidia, na sehemu yake ikajenga ukumbi wa umma uliofunguliwa mwaka 1884. Ukumbi bado upo, karibu na kituo cha treni. Naupita kila ninapokwenda. Ni jengo zuri. Ila miti iliyozoea kukatwa iliachwa, matawi yakanenepa kupita nguvu ya shina, mingine ikapasuka kwa uzito, na chini kukawa na kivuli kizito ambamo maua na machipukizi hayakupata mwanga. Ng'ombe nao wakapungua hadi karibu kwisha. Sasa wasimamizi wanalipa watu wapande kukata matawi, na wamerudisha ng'ombe wa pembe ndefu wanaovaa kola za shingoni zinazolia wakikaribia mpaka, kwa kuwa uzio hauruhusiwi kirahisi. Kazi ambayo zamani maskini aliifanya bure, akapata na kuni, leo ina bajeti.

Kitu kimoja kilichobaki nawaomba mkitazame sana: wenye haki ya malisho bado huchagua wawakilishi wanne kila baada ya miaka 7, nao wanakaa kwenye kamati ya Jiji inayosimamia msitu.

Sisi hatuhitaji kuiga Essex ili tupate hilo. Miaka ya 1990 wenzetu wa Duru-Haitemba, kule Babati, walikataa misitu yao isichukuliwe na serikali kuwa hifadhi, wakaigawa kwa vijiji, wakaweka kanuni na walinzi wao wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewapa nafasi hiyo wanakijiji nchi nzima.

Kwa hiyo, Mwenyekiti na wajumbe, nawaomba hivi. Rasimu isisomwe kabla ya kuorodhesha kila mtu na anachokitoa msituni: akina mama wa kuni kavu, wenye mizinga, waganga wa mitishamba, vijana wa kamba na fito, wenye ng'ombe wanaopita kwenda majini. Andikeni nani, wapi, siku zipi, na kwa kimo gani, kama ni tawi. Pakihitajika kufungwa, fungeni pale juu ya chanzo, mwaka mmoja au miwili, kisha mkakague. Kwenye kamati ya maliasili wawemo wanaobeba kuni wenyewe, si waume zao. Na akitokea mtu wa kuwaahidi ofisi mpya au darasa ili haki hizo zifutwe, mwambieni aandike ahadi yake bila kipengele hicho.

Shangazi, usiache kwenda eti kwa sababu ya goti. Mwambie Juma akupeleke kwa bodaboda, nauli nitaituma. Na mkishamaliza, nirushieni muhtasari wenye majina ya waliochangia hoja. Picha ya meza kuu sitaki.

Ni mimi binti yenu,
Essex, Uingereza