"Nimesafisha" pekee haitoshi

Mwandishi wa makala ya jumbe za komiti, umenena, ila kwenye usafi wa msimbo umepita mbio. Ujumbe wa komiti unaosema "nimesafisha" haumsaidii anayekuja nyuma. Umefuta fanksheni isiyoitwa popote, au umegusa na utendaji wa programu? Wenzetu wa mradi wa LLVM huweka alama ya NFC, yaani hakuna badiliko la utendaji. Mkaguzi akiiona anajua atafute nini. Wa Linux nao hutaka kila badiliko la kimantiki liwe kiraka chake peke yake, na sababu ielezwe kwa maneno ya kawaida.

Mimi ningeandika hivi: "Ondoa hesabuUshuru(). Hakuna kinachoiita tangu risiti zihamie kwenye moduli mpya. Matokeo hayabadiliki." Basi, inatosha, hatuandiki tasnifu.

Na jamani, kupanga nafasi na kurekebisha hitilafu msivitie kwenye komiti moja! Siku git bisect ikikufikisha kwenye komiti ya namna hiyo, mistari elfu mbili imesogezwa na mmoja tu ndio wenye kasoro, utausaka mpaka adhana ya alfajiri.