Dawa Kabla ya Dalili

Katika milima ya Antioquia, nchini Kolombia, zimo jamaa ambazo baadhi ya watu wao, kwa hitilafu ya jeni waliyorithi kwa wazee wao, huanza kupotewa na kumbukumbu kabla ya kutimiza miaka 50, ilhali maradhi yamekwisha kuudhuru ubongo kwa siri miaka mingi. Kwa rai kwamba dawa ingojeayo dalili huenda ikachelewa, tabibu Francisco Lopera na wenziwe waliwaingiza watu 252, wangali timamu wa akili, katika jaribio la dawa iitwayo krenezumabu. Mwaka 2022 ikadhihirika haikuleta nafuu ya kuthibitika. Hata hivyo dawa moja kushindwa hakubatilishi rai yenyewe, na waliojitolea miili yao wanastahiki, tena bila ya malipo, kutangulizwa siku itakapopatikana iliyo bora.