Kawia Ufike

Mtoto wa Kawetele, karibu na Tukuyu, huijua mito tangu utoto wake. Mvua ya Rungwe ni nyingi, na kijito kilichovukwa asubuhi kwa miguu huweza kuwa mto wa kishindo jioni. Wazee humfundisha asitie mguu katika maji asiyoiona chini yake; na angoje, hata akichelewa. Wala hakuna amwitaye mwoga kwa kungoja huko.

Lakini watu wakisafiri kwa gari la moshi, hutaka liende mbio hata wakati wa mafuriko, na likipunguza mwendo hunung'unika. Manung'uniko hayo si ya haki.

Mtu aendaye kwa miguu akiona shimo husimama mara moja. Gari la moshi haliwezi. Mabehewa yake ni mazito, na magurudumu ni chuma juu ya chuma, tena huteleza reli zikilowa. Likifungwa breki, huendelea mbali kabla ya kusimama. Na mwendo ukiwa maradufu, umbali huo huwa karibu mara nne. Basi dereva aendaye mbio usiku, taa yake ikimwonyesha daraja limevunjika, amekwisha kuchelewa.

Tarehe 30 Januari 1993, katika nchi ya Kenya, gari la abiria lililosafiri usiku kwa njia ya Nairobi na Mombasa lilifika kwenye daraja la mto Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei. Mafuriko yalikuwa yameliharibu daraja. Gari lilitumbukia mtoni, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Yawezekana mtu aseme, "Basi na liende polepole, yatosha." La, haitoshi. Mara nyingi mto hausukumi daraja. Huchimba udongo chini ya nguzo zake, na juu reli huonekana nzima. Mwendo wa pole humsaidia dereva kusimama, lakini haumwonyeshi yaliyo chini ya maji. Kwa hiyo mto ukifurika, yafaa gari lisimame kabla ya daraja, na fundi wa njia atangulie kuzikagua nguzo. Kama hazijulikani kuwa imara, lingoje mpaka zijulikane. Na amri hiyo itoke stesheni mapema, asiachiwe dereva peke yake gizani.

Ni kweli kwamba kungoja kuna hasara. Mafuriko ya Kilosa yalipobomoa Reli ya Kati mwanzoni mwa mwaka 2010, safari zilikatika kwa miezi, na wasafiri na wafanya biashara wakataabika. Lakini reli iliyobomoka hutengenezwa, na mali iliyopotea hutafutwa tena. Mtu aliyezama harudi.

Basi abiria akiona gari limesimama katika mvua, na akumbuke mtoto wa Kawetele ukingoni mwa mto, naye angoje kwa moyo mtulivu. Wahenga walisema, Kawia ufike.